Shahidi Asiyesifu

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka hapa, umefumuka pale, na mgeni akija huviringwa haraka ukafichwa nyuma ya mlango. Lakini huo ndio uliokulaza siku ulipokuwa huna pa kulala. Msala upitao, mkeka wa kusalia wa mpita njia, nao ni mzuri, una rangi na nakshi, ila una mwenyewe, na mwenyewe yumo safarini. Wahenga walipotukataza kuacha mbacha kwa ajili ya msala hawakuwa na ugomvi na msala. Walijua tu kwamba binadamu ana macho mepesi, hukipenda cha mpita njia akakidharau chake. Asiyesadiki na asikilize yaliyomfika Twahira binti Zubeiri wa Kismayu, ambaye nusura alale sakafuni kwa mikono yake mwenyewe.

Twahira alikuwa muuguzi wa chanjo katika kituo kimoja cha afya mtaani Majengo. Wazazi wake ni Wabajuni wa kisiwa cha Fuma. Vita viliwatupa katika kambi za Kenya, huko Twahira akazaliwa, huko akasoma, na familia ilipopiga moyo konde ikarudi pwani ya Jubba, yeye alirudi na cheti cha uuguzi na sanduku moja la nguo. Kazi yake aliipenda. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomchoma moyo kila mwaka. Muuguzi humpokea mtu keshaugua. Kila kuharisha kulipozuka visiwani, Twahira aliletewa watoto waliokwisha kukauka midomo, akawatundikia maji ya dripu usiku na mchana. Wengine walipona, wengine wakafunikwa shuka. Mama mmoja wa kisiwani Darakasi aliwahi kumshika mkono na kumwuliza kwa upole, "Mwanangu, nyinyi wa hospitali, kwani hamuwezi kuja kabla?" Swali lile lilimkaa Twahira kifuani kama mwiba wa samaki.

Huko kuja kabla ndiko kunakosomwa katika shahada ya uzamili ya afya ya jamii: ugonjwa unaanzia wapi, unapita njia gani, na unazibiwa wapi. Ikatokea bahati. Chuo kikuu kimoja cha nje ya nchi kilitangaza kwamba mwaka ule, na mwaka ule tu, kingemsomesha bure muuguzi mmoja kutoka pwani ya Jubba. Twahira aliomba. Vyeti vyake vilikubaliwa, insha yake ikapendwa, mwalimu wake wa zamani akamwandikia barua nzuri. Ilibaki barua moja tu, ya msimamizi wake wa kazi.

Msimamizi huyo alikuwa Bwana Mukhtari, mkuu wa chanjo kituoni, ambaye Twahira alimwita Ami, kama anavyoitwa ndugu wa baba, ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikoi kisichopigwa pasi na sauti ya kukwaruza. Twahira aliporudi kutoka kambini, hajui mtu wala hajui Kisomali cha sokoni, yeye ndiye aliyempokea. Alimfundisha kubeba kasha la chanjo bila barafu yake kuyeyuka, kumtuliza mtoto kabla ya sindano, na kukaa mashuani bila kutapika. Hilo la mwisho lilichukua muda, tusimfichie.

Lakini Ami Mukhtari alikuwa na jambo lake moja. Hakusifu. Akiletewa kichanga chenye mashavu, watu wote wakisema mashallah, yeye humtazama akasema, "Nani huyu mwenye sura mbaya?" na mama mtu hucheka kwa furaha, maana anajua mtoto amekingwa. Pwani ile watu wanaliogopa jicho. Kitu kizuri kikisemwa sana, husuda hukipata njia. Basi miaka yote hiyo Twahira hakuwahi kusikia neno zuri kutoka kinywani mwake. Siku alizofanya kazi mpaka miguu ikavimba, Ami alimwambia, "Leo hukuharibu sana." Na yeye alikuwa akirudi nyumbani na maneno hayo amefurahi, kwa kuwa alijua yana uzito gani.

Ami aliandika barua, akaituma moja kwa moja chuoni kama ilivyotakiwa. Wiki haikwisha, Twahira akapata barua pepe. Chuo kilimwambia kwa adabu kwamba maelezo ya msimamizi wake hayakutosha kumpima, na kwamba asipoleta barua nyingine, ya huyo au ya mtu mwingine aliyefanya naye kazi, ombi lake lisingeendelea.

Akaenda ofisini kwa Ami roho juu.

"Ami, uliandika nini?"

"Niliandika vizuri," alisema Ami, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anajivunia. "Niliandika: Twahira binti Zubeiri ni muuguzi. Huja kazini. Hana ugomvi na watu. Basi."

"Basi?"

"Basi. Ungetaka nini tena? Jambo lenyewe halijaiva. Kuna watu wangapi wanaoisoma barua ile? Wote nawajua mimi, macho yao? Nimekukinga, mwanangu."

Twahira alipigwa na butwaa. Alitamani kucheka na alitamani kulia, na kwa bahati mbaya hakufanya hata kimoja. Badala yake alikasirika.

"Hukunikinga, Ami. Umeniangusha. Watu wa huko wakisoma 'huja kazini' wanajua huyu hana lolote. Niandikie nyingine, unisifu."

Ami akatikisa kichwa. "Hilo siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mchu hasifiwi kabla hajafika," alisema, na kila alipotaka kufunga mazungumzo Ami alirudi kwenye Kibajuni chake, akamwita mtu mchu. Twahira akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi.

Hodan, muuguzi mwenzake, alimkuta akipanga sindano kwa hasira. "Abaayo," alimwambia, maana Wasomali humwita hivyo dada, "unajisumbua bure. Kuna Daktari Jaafar. Yule kalamu yake ina asali."

Kwa kweli ilikuwa nayo. Jaafar alikuwa mtu wa pwani hiyohiyo aliyekulia Ulaya, ameletwa na shirika moja kukagua vituo vya afya kwa muda mfupi. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote, na jinsi alivyolilinda na vumbi la Kismayu ni siri yake. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa msomaji amhukumu. Alikuwa mkarimu wa maneno tu. Kila aliyemwona alikuwa hodari, kila chai aliyopewa haikuwa na mfano.

Twahira alimweleza haja yake. Jaafar hakumwacha amalize.

"Dada yangu, hilo ni dogo. Wewe ni lulu. Nilikuona siku ile nilipotembelea kituo, nikasema moyoni, huyu ni kiongozi." Akafungua kompyuta yake palepale. Vidole vilikimbia. Kahawa haijapoa, barua imekwisha, akamsomea kabla ya kuituma chuoni. Ndani yake Twahira alikuwa nyota ya Afrika Mashariki, mfano wa kizazi kizima, mwenye maono, ari na kipaji kisicho kifani. Twahira aliona aibu kidogo, lakini ni aibu tamu. Hakuna aliyewahi kumwambia hayo. Alitoka pale anatembea juu juu.

Asubuhi iliyofuata Ami Mukhtari alimwuliza, macho yakiwa kwenye makasha ya chanjo, "Umepata mchu wa kukuandikia?"

"Nimepata," alijibu Twahira. "Mtu anayejua kuandika."

Ami aliinua uso, akamtazama, akasema, "Alhamdulillahi." Akarudi kuhesabu chupa zake, na Twahira aliona mkono wake umekosea hesabu akaanza upya. Ile ilikuwa nafasi ya kuomba radhi, lakini kichwa cha mtu aliyesifiwa jana ni kizito kukiinamisha.

Siku ya siku Jaafar akamaliza mkataba wake, akapunga mkono akapanda ndege. Na siku ya Jumapili chuo kikaandika tena. Barua ya daktari, walisema, ni ya kupendeza, lakini haina tendo hata moja. Walimpigia simu wakamwomba awape mfano wa kazi ya Twahira, akashindwa. Dirisha la maombi lingefungwa Alhamisi adhuhuri. Walitaka barua ya mtu aliyemwona akifanya kazi, ama sivyo nafasi ingeenda kwa anayefuata.

Twahira alimpigia Jaafar. Alimpata kwa simu ya kwanza tu, yuko katika nchi nyingine na kazi nyingine.

"Dada yangu, nisamehe," alisema Jaafar, na safari hii sauti yake haikuwa na mapambo. "Waliniuliza ulifanya nini visiwani. Ningesema nini? Mimi nilikuona saa moja, tukanywa chai. Naweza kuandika tena ukitaka, lakini itakuwa maneno yaleyale."

Hakuwa na la kumlaumu. Aliweka simu chini. Mama yake, Bi Safiyya, alikuwa akigeuza mkate wa anjera jikoni, na kwa kuwa nyumba yenyewe ni ndogo alikwisha kusikia yote.

"Kwa hiyo umebaki na nani?" aliuliza.

"Sina mtu, mama."

"Huna mtu? Na yule aliyekushikia ndoo ukitapika katika mashua, yeye ni jiwe?"

"Nilimvunjia heshima, mama. Nitamtazama vipi?"

"Kwa macho hayohayo uliyomvunjia heshima nayo. Nenda, na usianze na barua. Anza na radhi." Akamfungia anjera tatu katika kitambaa.

Twahira alikwenda baada ya sala ya alasiri. Mke wa Ami, Bi Mwanapili, alimfungulia, akamtazama usoni, akapokea kile kitambaa bila kuuliza kitu. Ami alikuwa barazani akishona ukanda wa ndara. Twahira aliubusu mkono wake, akaketi chini, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoroka.

"Ami, nimekuja kukuomba radhi. Nilisema ovyo. Wewe ulinipokea nikiwa sina mbele wala nyuma, na mimi nilikuona hufai kwa sababu hukuniita lulu."

Ami aliendelea kushona kidogo. "Nimekwisha kusamehe," alisema. "Tena kweli ile barua ilikuwa fupi. Mwanapili mwenyewe kanicheka."

"Nilicheka," alithibitisha Bi Mwanapili kutoka ndani.

Halafu Ami akaweka ndara chini. "Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mpiga mbizi. Siku moja sokoni, mbele za watu, nilisema hakuna kifua kama cha huyu pwani yote. Nilisema kwa sauti kubwa, nilijisikia raha. Wiki ile ile mkondo ukamchukua. Mimi ni mtu wa chanjo, Twahira. Najua mkondo ndio uliomwua, si ulimi wangu. Lakini moyo ukishaungua hausikii hoja. Ukinitaka nikuite nyota, mkono wangu utakataa. Na wewe sitaki kukupoteza."

Twahira alilia. Hakulia kwa ajili ya chuo, alilia kwa kuwa miaka yote alidhani Ami ana uchoyo wa maneno, kumbe alikuwa akimpenda kwa hofu. Alijifuta kwa ncha ya mtandio. Na hapo akakumbuka maneno ya chuo, kwamba barua ya Jaafar haina tendo, na akili ikamfunguka.

"Ami," alisema, "hawataki unisifu. Aliyenisifu wameikataa barua yake. Wanachotaka ni mtu aliyeniona. Wanakuita shahidi."

"Shahidi?"

"Shahidi. Na shahidi hasifu wala hakashifu. Anasema aliyoyaona, mazuri na mabaya, kisha ananyamaza."

Ami alikuwa mtu wa msikitini, na alijua vizuri Qur'ani inavyomkataza aliyeitwa kushuhudia asifiche ushahidi. Midomo yake ilicheza, kama anayepima neno ulimini.

"Na mabaya niyaandike?"

"Yaandike."

"Ulipotapika?"

"Ami, hilo ukiweza liache."

Akacheka, kicheko chake kile cha kukwaruza, akaitisha miwani. Bi Mwanapili akamletea, akampa na kompyuta ya kazini ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa uzi, kisha akamkokota Twahira jikoni. "Shahidi haongozwi," alimwambia, akamkabidhi nazi akune. Kwa hiyo Twahira alikuna nazi, na kila mara alisikia sauti kutoka barazani ikiuliza, "Mwanapili, yale ya Fuma yalikuwa kabla ya Ramadhani au baada?" Barua ilikwenda Jumatano, na Twahira hakuiona.

Aliisikia siku ya mahojiano. Mahojiano yalifanywa kwa video, na profesa mmoja mwanamke, mwenye nywele nyeupe, aliomba ruhusa amsomee kidogo.

Ami alikuwa ameandika kwamba huko Fuma chanjo ilikuwa ikishindwa kila mwaka, na wakubwa wakisema watu wa visiwa ni wajinga. Twahira alikwenda, akakaa na wanawake, akaona kwamba watu wa ofisi huja asubuhi bila kutazama bahari, mara nyingi maji yakiwa yametoka, wakati mama na watoto wote wako mwambani wanaokota kombe. Akaacha kupanga kazi kwa saa ya ofisi, akaipanga kwa kujaa na kutoka kwa maji. Yakijaa, watu wako nyumbani, na yeye yupo mlangoni. Mwaka ule surua haikuingia Fuma. Mashallah. Kisha profesa akasoma maneno yenyewe: "Siku moja Twahira alisahau kubadilisha barafu, na chanjo ikapata joto. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuwadunga watoto maji yasiyo na faida na asijulikane milele. Aliimwaga yote, akaja kuniambia kabla sijamwuliza, nikamgombeza sana mbele ya watu, na kesho yake akarudi kazini mapema. Mashallah. Ana haraka, ana hasira ya karibu, na aliwahi kunijibu vibaya, kisha akaja kuomba radhi. Mashallah la quwwata illa billah. Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na Mungu ni shahidi juu yangu."

"Hili neno mashallah liko kila mwisho wa aya," alisema profesa. "Lina maana gani hapa?"

"Maana yake," alisema Twahira, "ni kwamba aliyeandika ananipenda, na ananiombea nisidhurike."

Profesa alivua miwani yake. Alisema kwamba katika maombi yote waliyosoma mwaka ule, hiyo ndiyo barua iliyowafanya waone mtu. Baada ya siku chache jibu likaja. Twahira amechaguliwa.

Hakwenda kwanza kwa Hodan, wala hakuweka picha mtandaoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha chanjo, saa ambazo foleni imejaa kina mama na vichanga vyao, akasimama mbele ya Ami Mukhtari. Ami alipomwona uso tu akajua, akaanza kupekua kasha ambalo lilikuwa tupu.

"Ami, sitakusifu," alisema Twahira, "najua hupendi. Nitashuhudia. Nyinyi mama zangu mnisikilize. Huyu alinipokea nikiwa mgeni katika nchi ya baba yangu. Alinifundisha kazi. Nilimdharau, na hakunitupa. Leo nakwenda kusoma namna ya kufika kabla, na kila mtoto nitakayemwahi katika visiwa hivi, thawabu ianzie kwa Ami. Mungu amlipe, mimi siwezi."

Kina mama wakaitikia amina. Ami Mukhtari akajifuta macho kwa kikoi chake kisichopigwa pasi, na hakuna aliyejifanya hakuona. Twahira akanawa mikono, akavaa koti lake, akamchukua mtoto wa kwanza kwenye foleni akaendelea na kazi, maana safari ilikuwa bado. Moyoni alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumrudisha alikotoka kabla mlango haujafungwa, na alikwisha kujua, bila kufundishwa na profesa yeyote, kwamba mtu asiache mbacha wake kwa msala upitao.